Kalamu: Tangu Tete hata Biki



Miaka michache iliyopita nilikuwa katika parokia moja, nikimsaidia paroko kupanga mabuku ya zamani. Siku ile mama mmoja akapiga hodi. Alitaka karatasi yake ya ubatizo, kwa maana siku ya ndoa yake ilikuwa karibu. Alitaja mwaka, alitaja kapela, alitaja hata jina la katekista aliyemfundisha. Tukatafuta buku, tukalifungua.

Hapo ndipo tulipoona hasara. Mvua ilikuwa imepita katika bati bovu juu ya kabati, nasi hatukujua. Mabuku matatu yalikuwa yamelowa, kisha yakakauka. La kwanza lilikuwa la zamani sana, la wakati wa wamisionari. Karatasi yake ilikuwa imekunjamana, lakini majina yote yalisomeka. La tatu liliandikwa kwa biki, nalo lilisomeka. Lakini la pili liliandikwa kwa stilo, kwa mwandiko mzuri kuliko mengine yote, na kurasa zake zilikuwa wingu la buluu tu. Jina la yule mama lilikuwa ndani ya wingu lile.

Akauliza: “Padri, jina langu limekwenda wapi?”

Padri akamjibu: “Mama, maji yamelichukua.”

Neno hilo halikunitoka. Mvua ilikuwa moja, kabati lilikuwa moja, maji yalikuwa yale yale. Sababu gani buku moja lipone na jingine life? Nilipotafuta jibu, nilirudi nyuma mbali sana, hata kwa waandishi wa Misri ya kale. Nataka kuwaeleza niliyoyapata. Maana sisi sote, wafratri, mapadri na makatekista, tunashika kalamu kila siku, lakini ni wachache wanaojua wanashika kitu gani.

1. Majina matatu, vyombo vitatu

Tuanze na majina. Huku kwetu tunasema kalamu, tunasema stilo, tunasema biki. Watu wengi wanadhani ni kitu kimoja chenye majina matatu. Sivyo. Kila jina limetoka katika chombo chake.

“Kalamu” ni neno lililokuja kwetu kwa Waarabu. Nao Waarabu walilipata kwa Wagriki, ambao waliliita tete “kalamos”. Ninyi mnaosoma Kilatini mnalijua: ni “calamus”. Basi mtu akisema kalamu anasema tete, jani refu lile linaloota kando ya mito na maziwa.

“Stilo” tumeipata katika Kifaransa, na mzizi wake ni neno la Kilatini “stilus”. Stilus haikuwa na wino. Ilikuwa msumari mwembamba wa chuma au wa mfupa. Kwa ncha yake Warumi waliandika juu ya vibao vilivyopakwa nta. Upande wa pili ulikuwa bapa, kwa kusawazisha nta na kufuta. Hata kibao alichoomba Zakaria, baba yake Yoane Mbatizaji, ili aandike jina la mtoto, kilikuwa kibao cha kuandikia cha namna hiyo. Vibao vile vilifaa kwa hesabu, kwa masomo ya watoto na kwa barua fupi. Neno la kukaa miaka mingi halikuwekwa juu ya nta.

Na “biki” ni jina la mtu. Tutamwona mbele.

Kuna jina la nne tusilolitumia sisi, ila Wazungu wanalitumia. Wafaransa husema “plume”, na Waingereza husema “pen”, neno lililotoka katika Kilatini “penna”. Maneno yote mawili maana yake ni unyoya wa ndege. Tete, msumari, unyoya, na jina la mtu: hiyo ndiyo njia yote ya kalamu kwa kifupi. Sasa tuifuate hatua kwa hatua.

2. Tete na masizi

Waandishi wa Misri ya kale waliandika juu ya mafunjo. Kwanza walitumia kijiti chembamba cha unyasi, wakatafuna ncha yake mpaka ikawa kama burashi. Baadaye, wakati wa Wagriki, likaenea tete nene zaidi. Tete hilo lilichongwa kwa kisu, kisha ncha yake ikapasuliwa kidogo katikati. Ule ufa mdogo ndio siri yote. Wino hushuka ndani yake polepole, nao hautoki mpaka ncha iguse karatasi. Tangu siku zile hata stilo ya leo, ufa ule haukuacha kutumika.

Wino wao ulikuwa rahisi: masizi, gundi ya mti, na maji. Mama yeyote apikaye kwa kuni anayo masizi chini ya chungu chake. Masizi ni makaa laini, na makaa hayapaushwi na jua. Ndiyo sababu maandiko ya Misri ya miaka elfu tatu bado ni meusi.

Lakini wino huo una udhaifu. Hauingii ndani ya ukurasa, unakaa juu yake kama rangi juu ya ukuta. Ukitia maji na kusugua, unatoka. Maandiko Matakatifu yenyewe yanatuonyesha jambo hili. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 5, kuhani anaandika maneno ya laana, kisha anayaosha ndani ya maji. Asingeweza kufanya hivyo kama wino wao usingeoshwa.

Tena someni Yeremia, sura ya 36. Baruku anaandika kwa wino maneno anayoambiwa na nabii. Mfalme Yoyakimu, anaposomewa, anakata kitabu kipande kwa kipande na kukitupa katika moto. Anakikata kwa kitu gani? Kwa kisu cha mwandishi, yaani kile kile cha kuchongea tete. Na Yoane, mwishoni mwa barua yake ya tatu, anasema kwamba hapendi kuandika mengine kwa wino na tete, maana anatumaini kuonana uso kwa uso na yule anayemwandikia.

Tete lilikuwa na taabu moja: ncha yake hulainika kwa wino na kuchoka upesi. Mwandishi alipaswa kuchonga na kuchonga tena. Na watu wa Ulaya walipoacha mafunjo na kuandika zaidi juu ya ngozi laini za wanyama, walitaka chombo chembamba na chepesi kuliko tete.

3. Unyoya na wino wa chuma

Chombo hicho wakakipata kwa ndege. Mtakatifu Isidori, askofu wa Sevilla, aliyekufa mwaka wa 636, anataja vyombo viwili vya mwandishi: tete na unyoya. Anaeleza kwamba ncha ya unyoya imepasuliwa kuwa mbili, lakini mwili wake ni mmoja. Naye anaona katika ncha hizo mbili mfano wa Agano la Kale na Agano Jipya. Basi katika siku zake unyoya ulikuwa umekwisha kujulikana.

Unyoya bora ulikuwa wa bata bukini, mmoja wa ile mikubwa iliyo mwisho wa bawa. Watu wanaoandika kwa mkono wa kuume walipenda unyoya wa bawa la kushoto, kwa sababu unapinda kwenda nje wala hauzibi macho. Waliuchoma katika mchanga wa moto ili ugumu, kisha wakauchonga kwa kisu kidogo. Kwa muda wa miaka elfu moja na zaidi, mabuku ya kuandikwa kwa mkono, barua za wafalme na hati za nchi za Ulaya, karibu zote zilitoka katika unyoya wa namna hiyo.

Pamoja na unyoya ukaenea wino mwingine. Katika mti wa Ulaya uitwao mwaloni, mdudu mdogo hutaga yai, nao mti hufanya kivimbe cha mviringo kulizunguka. Kivimbe hicho kina uchachu mkali, ule ule unaotumika kulainisha ngozi. Watu walikiponda, wakakiloweka, wakachanganya na chumvi ya chuma iitwayo vitrioli, kisha wakatia gundi ya mgunga. Wino huo, ukiandika nao, kwanza ni mweupe-mweupe kama chai. Lakini hewa ikiugusa unakuwa mweusi kabisa. Tena haukai juu ya karatasi kama masizi: unaingia ndani na kushikana na karatasi yenyewe. Maji hayautoi kwa urahisi.

Wasomaji, sasa mnaanza kuona sababu buku la kwanza lilipona.

Lakini wino huo nao una ubaya wake. Ni mkali. Ukitiwa vitrioli nyingi, unakula karatasi polepole, hata baada ya miaka mamia herufi zinakuwa matundu. Umeshinda maji, lakini unaweza kuua nyumba unamokaa.

Enzi ya unyoya ilifika hata katika nchi yetu. Mfalme Afonso wa Kwanza wa Kongo, ambaye jina lake la nyumbani lilikuwa Mvemba a Nzinga, aliandikiana barua na wafalme wa Ureno. Mwaka wa 1526 alimlalamikia mfalme João wa Tatu juu ya wachuuzi waliokamata watu wa nchi yake na kuwauza, hata wana wa wakubwa. Afonso alikufa, João alikufa, na biashara ile mbaya iliendelea miaka mingi sana baada yao. Lakini barua zimebaki. Zimehifadhiwa Lisboa, na hata leo, karibu miaka 500 kisha kuandikwa kwake, mtu anaweza kusoma malalamiko yale. Aliyewauza watu hawezi kusema kwamba hakuna aliyemkataza.

4. Kalamu ya chuma na stilo

Unyoya ulidai kazi nyingi, na masomo yalipoongezeka Ulaya, wanaoandika wakawa wengi. Tangu miaka ya 1820, katika mji wa Birmingham, Uingereza, watu kama Josiah Mason na Joseph Gillott walitengeneza ncha za chuma kwa mashini. Mashini moja ilikata, nyingine ilikunja, nyingine ilipasua ufa. Ncha ikawa kitu cha bei ndogo, wala hakuna tena haja ya kuchonga. Ndiyo kalamu waliyoijua wazee wetu katika masomo ya misioni: kijiti cha mti, ncha ya chuma, na kidau cha wino.

Lakini angalieni neno hili: kalamu mpya hudai wino mpya. Wino mkali wa mwaloni na vitrioli uliozoea unyoya ulianza kula ncha za chuma. Mwaka wa 1856 kijana Mwingereza, William Henry Perkin, aligundua rangi ya kwanza iliyotengenezwa kwa mitambo ya kemia kutoka katika lami ya makaa ya mawe. Baada yake zikaja rangi nyingine nyingi. Basi watu wakaanza kutengeneza wino kwa rangi hizo: wino mwepesi, mzuri kwa macho, usiokula chuma.

Kisha wakatafuta jinsi ya kubeba wino ndani ya kalamu yenyewe. Mwaka wa 1827 mwanafunzi mmoja wa Rumania aliyekaa Paris, Petrache Poenaru, alipata hati ya serikali ya Ufaransa juu ya kalamu ya namna hiyo. Wengine wakamfuata, lakini kalamu zao mara zilikauka, mara zilimwaga wino wote juu ya ukurasa. Sababu yake ni nini?

Chukua mkebe wa mafuta, utoboe tundu moja tu, uuinamishe. Mafuta yanatoka kwa shida, yanakwama, kisha yanaruka ghafula. Toboa tundu la pili juu yake, mafuta yanatoka vizuri, maana hewa inaingia mahali pake. Kalamu yenye wino ndani ina shida hiyo hiyo. Mwaka wa 1884, Lewis Waterman wa New York alipata hati juu ya dawa yake. Chini ya ncha alitia kipande chenye mifereji myembamba sana. Wino unashuka katika mifereji hiyo jinsi mafuta yanavyopanda katika utambi wa taa, na wakati ule ule hewa inarudi ndani kidogo kidogo. Hiyo ndiyo stilo iliyokaa katika mifuko ya mapadri na makarani kwa miaka mingi.

Mifereji hiyo myembamba ilidai nini? Wino mwembamba. Wino wa masizi unaiziba. Wino wa mwaloni, kama haukutengenezwa kwa uangalifu, unaiziba na kuila. Kwa hiyo chupa nyingi za wino wa stilo zina rangi na maji tu. Tena kuna wino wa buluu wa masomo uliotengenezwa makusudi ili utoke katika nguo za watoto kwa kufuliwa. Ukiandika ubatizo kwa wino huo, umeandika kwa kitu ambacho aliyekitengeneza alitaka kitoke kwa maji. Ndilo jambo lililopata buku letu la pili. Mwandishi wake hakuwa mvivu. Alichagua stilo nzuri, akaandika kwa upole. Ila hakuuliza katika chupa kuna nini.

5. Biki

Wa kwanza kufikiri juu ya katufe kadogo mahali pa ncha alikuwa Mmarekani John Loud, aliyepata hati mwaka wa 1888. Kalamu yake ilifaa kwa kutia alama juu ya ngozi, lakini haikufaa kwa karatasi. Mambo yakakaa hivyo karibu miaka hamsini.

Kisha akaja László Bíró, mwandishi wa magazeti wa Hungaria. Aliona kwamba wino wa kupigia magazeti unakauka mara moja, lakini wino wa stilo unachafua mkono. Akatia wino mzito katika stilo, lakini haukupita katika ufa. Basi, pamoja na ndugu yake György aliyejua kemia, akatengeneza kalamu nyingine. Mwisho wake una katufe ka chuma kanakozunguka ndani ya kikombe kidogo, kama vile vitufe vya chuma vinavyozunguka katika gurudumu la kinga. Upande wa ndani katufe kanagusa wino na kuuchukua, upande wa nje kanauweka juu ya karatasi. Mwaka wa 1938 alipata hati ya kwanza. Lakini mwaka ule ule Hungaria ilianza kuweka sheria za kuwabana Wayahudi, naye alikuwa wa ukoo wa Kiyahudi. Akaondoka, akapita Ufaransa, akafika Argentina, na huko akapata hati nyingine mwaka wa 1943. Hata leo watu wa Argentina wana sikukuu ya wavumbuzi tarehe 29 Septemba, siku aliyozaliwa.

Wa kwanza kuipenda kalamu hiyo walikuwa watu wa ndege za vita za Uingereza. Ndege ikipanda juu, hewa ya nje inapungua nguvu, hewa iliyomo ndani ya stilo inatanuka na kusukuma wino nje. Kalamu ya katufe haina shida hiyo. Tarehe 29 Oktoba 1945 duka moja kubwa la New York lilianza kuuza kalamu za namna hiyo, kila moja kwa dola 12 na nusu. Watu walizinunua kwa maelfu siku ile ile, lakini ilikuwa bado mali ya wenye fedha.

Ndipo alipokuja yule mwenye jina: Marcel Bich, Mfaransa aliyezaliwa Torino, Italia. Alinunua haki ya Bíró, akatafuta mashini za kukata chuma kwa usahihi mkubwa, na katika Desemba 1950 akatoa kalamu ya bei ndogo kabisa. Akaondoa herufi moja ya jina lake, ikabaki “Bic”. Sisi tukasema biki. Mwaka wa 2006 hesabu ya biki za namna ile zilizouzwa duniani ilifika bilioni 100.

Walimu hawakuipokea upesi. Walisema inaharibu mwandiko, kwa maana ncha ya chuma inafanya mstari mnene ukishuka na mwembamba ukipanda, lakini katufe kanafanya mstari mmoja tu. Katika Ufaransa iliruhusiwa rasmi katika masomo ya watoto mwaka wa 1965 tu. Walimu wale hawakudanganyika. Mwandiko ule mzuri wa wazee wetu umekwisha kabisa. Lakini tuseme na upande wa pili: mtoto wa kijiji, ambaye baba yake hakuweza kununua stilo wala wino, aliweza kununua biki.

6. Kila wino una adui yake

Sasa tunaweza kumjibu yule mama. Hakuna kalamu isiyo na adui. Wino wa masizi hauogopi jua, unaogopa maji na kusuguliwa. Wino wa mwaloni hauogopi sana maji, lakini unakula karatasi. Wino wa rangi wa stilo unaogopa maji na jua. Wino wa biki ni mzito kama mafuta, hauyeyuki katika maji, ndiyo maana buku la tatu lilipona. Lakini rangi zake hupauka katika jua, na alkoli huziyeyusha. Tazameni matangazo ya ndoa yaliyobandikwa mlangoni pa kanisa kwa biki: baada ya miezi michache, mnaona kivuli tu.

Tena tangu mwaka wa 2006 kuna kalamu za kutoka Japani ambazo wino wake hufutika kwa kusuguliwa. Haufutwi kweli: joto la kusugua linaondoa rangi. Joto likifika karibu digri 60, maneno hayaonekani tena. Buku lililoandikwa kwa kalamu hiyo, likiachwa ndani ya motokari juani, linaweza kufunguliwa likiwa jeupe.

Msiniamini bure. Jaribuni wenyewe. Andikeni jina moja mara tatu kwa kila kalamu mliyo nayo. La kwanza mtieni tone la maji, mpanguse. La pili mtieni tone la alkoli ya hospitali. La tatu mlifunike nusu kwa ubao, mliweke dirishani juani kwa mwezi mmoja. Jaribio hili halidai franka nyingi, nalo litawafundisha kuliko maneno yangu.

7. Buku lililo mkononi mwetu

Kwa nini nimeandika hayo katika kurasa hizi? Kwa sababu kazi ya kuandika imewekwa juu yetu. Mtaguso wa Trento, tarehe 11 Novemba 1563, uliagiza kila paroko awe na buku la ndoa, na majina ya wazazi wa ubatizo yaandikwe. Rituale ya mwaka wa 1614 ikaonyesha namna ya kuandika mabuku matano. Sheria ya Kanisa ya mwaka wa 1983, kanoni ya 535, inaagiza mabuku yaandikwe sawasawa na yalindwe kwa uangalifu, hata yale ya zamani. Hakuna kanoni inayotaja jina la kalamu. Jambo hilo limeachwa katika akili yetu.

Basi nasema machache tu. Kwanza, tusiandike buku kwa wino wa kufutika, wala kwa wino wa masomo unaofuliwa. Tutafute wino ulioandikwa kwamba ni wa kudumu. Hata kwa kalamu za katufe kuna kipimo cha mataifa kwa hati za kuhifadhiwa, nacho ni ISO 12757-2. Pili, buku lisikae juani wala chini ya bati bovu, wala lisigusane na ukuta wenye maji. Tatu, nakala. Jina lililoandikwa mahali pawili ni vigumu kupotea.

Wengine watasema: “Padri, siku hizi tuna telefone, tunapiga picha ya ukurasa, mambo yamekwisha.” Ni kweli kwamba picha ni nakala nzuri, nami nawashauri kuipiga. Lakini telefone nayo ina maadui wake: umeme kukatika, kuanguka mtoni, mwizi, na namba ya siri ambayo mwenye kuijua amekufa. Barua ya Afonso haikuhitaji umeme ili isomwe. Picha iwe ndugu wa buku, isiwe mrithi wake.

Mnamjua Padri Stefano Kaoze, aliyepata upadri Baudouinville mwaka wa 1917, padri wa kwanza wa Kongo ya siku hizi. Mwaka wa 1910, alipokuwa bado mseminari, maandishi yake juu ya mawazo ya Wabantu yalianza kutolewa katika gazeti la Ubelgiji. Wengi wa siku zake walikuwa na hekima kama yake, lakini hatujui walifikiri nini, kwa sababu hawakuandika, au walichoandika hakikuhifadhiwa. Yeye tunaweza kumsikia.

Na yule mama? Kanoni ya 876 inasema kwamba, kama hakuna ubishi, shahidi mmoja mwaminifu anatosha kuhakikisha ubatizo. Katekista akapanda kinga, akamtafuta mama yake wa ubatizo katika kijiji cha mbali. Alikuwa mzee sana, akaletwa polepole. Akasimama mbele ya paroko, akataja siku, akataja padri aliyebatiza, akataja hata nguo mtoto aliyovaa. Paroko akafungua buku jipya, akaandika jina. Kisha akakaa kidogo, akatazama ile kalamu mkononi mwake, akasoma maneno madogo yaliyoandikwa ubavuni mwake.

Ndoa ilicheleweshwa juma saba. Lakini yule mzee asingekuwa hai, je, tungesema nini?